Dumu Lenye Kitambaa Chekundu

Mwanangu Tausi,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Nakusikia kutoka hapa barazani. Uko ndani na mama yako mnafunga mizigo, na kila baada ya muda mnacheka, kisha mmoja wenu anasema, "Shh, baba atasikia." Nimesikia. Sijui mnachekea nini, ila nahisi ni mimi.

Ni alasiri ya Jumapili. Nimeswali, nimekunywa chai, na nimeandika mstari mmoja katika daftari langu kama kawaida: "Tausi anaondoka kesho kwa basi la asubuhi, Nzega, kisha kijijini kwenye zahanati." Nilipomaliza nikaona mstari huo hautoshi, nikachana karatasi kutoka katikati ya daftari ili nikuandikie. Unanijua, mimi si mtu wa kuchana daftari.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya kufunga mlango, mama yako ameshayasema na kesho atayarudia stendi. Mimi siyagusi. Nataka kukuandikia juu ya jenereta, na juu ya jambo moja nililokuficha, na nataka nimalize kabla ya adhana ya magharibi, kwa sababu kuna uamuzi nimeuahirisha tangu juzi.

Siku ile mganga wa zahanati yenu alipokupigia simu kukukaribisha, uliweka sauti ya nje, nami nilikuwa hapo hapo nagonga mguu wa kiti. Nikamsikia anasema, "Sista, sola yetu inatosha taa mbili tu, na siku za mawingu hata hizo hazifiki mbali. Jenereta ipo, ila haiwaki tangu mvua zilipoanza. Kina mama wanajifungulia kwenye mwanga wa simu." Wewe ukamjibu neno moja tu, "Nitaiangalia."

Mimi nikaacha kiti. Kesho yake nikaenda stendi kukata tiketi. Yako ulikuwa umeshaikata. Nilikata ya kiti kilicho kando yako.

Nilipanga hivi. Kesho ungepanda, ungekaa dirishani, halafu mimi ningeingia na begi langu na kusema, "Nakusindikiza tu." Tungefika zahanati, ningeomba nionyeshwe jenereta, ningeiwasha mbele ya mganga na wagonjwa, ningekula ugali wao, kisha ningerudi zangu Tabora. Begi liko tayari chini ya kitanda. Lina spana ya plagi, plagi mpya mbili, brashi ya waya, na shati la kubadili. Na wewe wiki hiyo hiyo ulikuwa umeniambia kwa adabu kabisa, "Baba, nataka nifike mwenyewe." Nikakujibu, "Sawa, mwanangu." Tiketi ilikuwa mfukoni.

Basi leo nimekaa na daftari nikitafuta sababu ya kwenda. Nimerudi nyuma hadi nilipoanza kukodisha jenereta kwa harusi na maulidi hapa Chemchem. Kila ilipogoma niliandika siku, mahali, nilichofanya, na kosa lililopatikana. Nilidhani nitakuta ushahidi kwamba kazi hii haiwezekani bila mimi. Nakunakilia baadhi ya niliyoyakuta.

"Itetemia, maulidi. Nimevuta kamba mpaka bega limekufa ganzi. Nimebadilisha plagi. Kosa: swichi ilikuwa imezimwa."

"Nyumbani. Nimefungua kabureta yote juu ya mkeka. Kosa: koki ya petroli ilikuwa imefungwa. Niliifunga mimi jana."

"Itetemia tena, harusi. Haitoi cheche. Nimebadilisha plagi mara mbili. Kosa: niliiweka kwenye mteremko, oili ikakaa upande mmoja, mashine ikadhani haina oili, ikajizuia yenyewe. Aliyegundua ni mama muuza maandazi. Aliuliza, 'Mbona hiyo mashine yako imelala ubavu?'"

Kurasa ziko nyingi za namna hii na sitakunakilia zote, nina heshima yangu kidogo. Lakini nilipozisoma kwa mfululizo niliona kitu ambacho siku kwa siku sikukiona. Karibu kila mara nilianzia kwenye jambo gumu. Sababu ni moja, nayo sikuiandika popote: watu walikuwa wananitazama. Mtu akitazamwa anaona aibu kuinama kuangalia kama swichi imewashwa. Anataka kushika spana.

Wewe usione aibu hiyo. Utakapoifikia jenereta yenu, anza pale ambapo hata mtu asiyejua lolote angeanzia. Je, imekaa sawa? Oili ipo? Petroli ipo? Koki iko wazi? Swichi imewashwa? Ukishayapita hayo, funga choki ya hewa, vuta kamba. Ikikataa, fungua plagi uinuse. Ikitoka imelowa na inanuka, petroli inafika, basi tafuta cheche. Ikitoka kavu, petroli haifiki, basi fuata njia yake kutoka kwenye tangi mpaka kwenye kabureta. Kwa kuwa yenu imelala tangu mvua zilipoanza, mimi naishuku petroli yenyewe. Ikikaa miezi inachacha na kuacha utando kama ulimbo ndani ya kabureta. Imwage yote, safisha, weka mpya. Na usiiwashe kamwe ndani ya jengo wala chini ya dirisha la wodi ya wazazi, hata kama mvua inanyesha. Moshi wake unaua bila kelele.

Umeona? Nimeyamaliza yote kwa aya moja. Siku zote nilikuwa nayafanya yaonekane mengi.

Sasa nifike kwenye ukurasa niliokuwa naukwepa. Una doa la rangi ya chai, na vumbi limegandia hapo miaka yote hii. Ni asali. Ni ukurasa wa harusi ya shangazi yako Mwamvua.

Ulikuwa kidato cha pili. Harusi ilikuwa Itetemia, kwenye kiwanja kisichofikiwa na umeme, na mimi kama kaka wa bibi harusi nilijitolea taa na muziki. Asubuhi yake nikakumbuka kwamba dumu langu la petroli nimelisahau kwenye maulidi ya wiki iliyopita. Nikaingia stoo. Unajua stoo ya mama yako ilivyo, madumu ya asali kutoka kwa warina asali wake yamepangwa ukutani, na kila moja lina kitambaa chekundu mkononi, maana yake: hili ni la asali, asiliguse mtu. Moja lilikuwa tupu. Nikaliinamisha, halikutoa tone. Nikasema ni safi. Nikafungua kile kitambaa nikakitia mfukoni, nikaenda kununua petroli kwa Bwana Ndahani pale kona.

Na wewe unamjua Ndahani. Babu zake walikuwa wanakaa visimani kule Ugogo, na babu zetu wakipita na mizigo kwenda pwani walitozwa hongo, ule ushuru wa njia, ndipo wanywe maji. Tangu hapo tunatukanana, wala hakuna anayekumbuka kukasirika. Alilipokea dumu akalizungusha.

"Mnyamwezi, dumu gani hili?"

"La petroli. Au unataka hongo kwanza?"

"Linanata."

"Kinachonata ni mkono wako. Umezoea kushika vya watu."

Akacheka, akajaza. Naomba uliweke hilo akilini: mtu yule aliniambia.

Jioni ile wageni walijaa. Shangazi yako alikuwa ndani na hina yake, anasubiri taa ziwake ndipo atolewe. Nikawasha jenereta, ikanguruma dakika chache, ikakohoa, ikafa. Nikavuta. Nikavuta tena. Nikafungua kabureta, nikaiosha kwa petroli, nikaifunga, nikavuta. Hakuna. Ulikuwa unanimulikia tochi, ukasema polepole, "Baba, hapa chini kuna kitu kinanata."

Nikakujibu kwa sauti ya kusikika na watu, "Kaa pembeni. Hapa si jikoni."

Uliondoa mkono, lakini tochi hukuizima.

Halafu bwana harusi akaja kuuliza kuna nini, na wazee nyuma yake. Nikasimama. Nikamwona Ndahani kati ya wageni, kavaa kanzu yake nyeupe. Nikamnyooshea spana. "Muulizeni huyu Mgogo. Ametuuzia petroli yenye maji."

Kiwanja kizima kikacheka, kwa sababu yeye ni mtani wangu na kila mtu alidhani natania. Kina mama wakamvamia, wakamfunga kanga kiunoni, wakamwambia hatoki hapo mpaka taa ziwake, na mmoja akampa mchi atwange. Ndahani naye akacheza, akatwanga hewa, watu wakazidi kucheka. Nami nikacheka pamoja nao.

Mwanangu, sikuwa natania. Nilimshtaki mtu kwa wizi mbele ya watu, na utani ukanifunika kama blanketi.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Ulichovya kidole kwenye kile kibakuli cha chini ya kabureta, ukalamba. Mama yako akapiga kelele kwamba utakufa. Wewe ukatema petroli, ukafuta ulimi kwa ushungi, ukasema, "Baba, ni asali."

Kitambaa chekundu kilikuwa mfukoni mwangu.

"Asali haitoki kwa petroli," ukaendelea, kama vile unaongea na mtoto mwenzako. "Sufuria la asali mama analiosha kwa maji ya moto." Ukaenda kwa wapishi, ukarudi na birika. Ukaosha kibakuli, ukaosha kile kitundu chembamba ambacho petroli inapita, ukapuliza, ukakausha kila kitu kwa upindo wa kanga. Ukaniambia nimwage tangi lote, nami nikamwaga. Petroli safi ilitoka wapi? Ndahani, na kanga yake kiunoni, alikwenda kwenye pikipiki yake akachomoa mpira wa petroli, akakujazia chupa. Ilipokwisha akaijaza tena.

Ukafunga mwenyewe. Ukashika kamba.

Hapa ndipo ninapotaka kufika, Tausi. Niliichukua ile kamba kutoka mkononi mwako. Nilisema, "Lete, utaumia." Nikavuta mara mbili, ikawaka, taa zikawaka Itetemia nzima kama unavyokumbuka, vigelegele, muziki, shangazi yako akatolewa anang'aa, watu wakanipiga mabegani wakiniita fundi. Sikuwaambia kitu. Nilipokea sifa zote, nikala pilau sahani mbili.

Tukirudi nyumbani uliniuliza, "Baba, Bwana Ndahani ulikuwa unamtania?"

Nikasema, "Ndiyo, mwanangu. Si mtani wangu?"

Kwenye daftari, siku iliyofuata nimeandika: "Kwenda kwa Ndahani." Siku ya pili: "Kwenda kwa Ndahani." Nimeandika hivyo kurasa nyingi, kama mtu anayejikumbusha kununua chumvi. Nilikuwa napitia njia ya nyuma ili nisipite pale kona. Yeye alikuwa ananisalimia kwa mbali, "Mnyamwezi, umepotea njia ya pwani?" nami napunga mkono tu.

Nilikwenda siku ya pili ya Idi. Nilimkuta anaosha chupa zake. Nikamwambia yote, dumu, kitambaa, na kwamba sikuwa natania. Akaendelea kuosha.

"Nilijua," akasema. "Mtani akinitukana huwa ananitazama usoni. Wewe uliitazama spana."

"Mbona ulicheza?"

"Ningefanyaje? Ningeharibu harusi ya dada yako?" Akaweka chupa chini. "Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka baharini, miezi mitatu kwa miguu. Wewe umeshindwa kubeba dumu moja safi kutoka Chemchem hadi Itetemia."

Hapo tukacheka, na nakuhakikishia kicheko kile kilikuwa kitamu kuliko pilau la harusi. Akanitoza hongo papo hapo. Ya kwanza, dumu la asali, "na usilioshe kwa petroli." Nikampelekea jioni ile ile. Ya pili akasema hivi: "Umwambie yule binti yako kwamba hukuwa unatania. Yeye ndiye aliyewasha taa, na anadhani baba yake ni mtu wa mzaha tu."

Hongo ya pili nimechelewa kuilipa. Umemaliza kidato cha nne, umekwenda chuo cha uuguzi, umerudi, umepangiwa kazi, na kila nikikutana na Ndahani ananiuliza, "Umeshavuka Ugogo?" nami namjibu, "Bado niko kisimani." Wewe hukuwahi kujua tunazungumza nini. Ndiyo hii. Sikuwa natania, nilikudanganya, na kamba ile ilikuwa yako.

Nimeandika mpaka hapa nikaitoa tiketi mfukoni na kuiweka juu ya daftari. Ukurasa wa harusi na tiketi vimekaa pamoja, na sihitaji miwani kuona kwamba ni jambo moja. Ningepanda basi kesho kwenda kuchukua kamba mkononi mwako mara ya pili, mbele ya watu ambao utawaambia usiku na mchana, "Sukuma, mama, niko hapa," na wao wanapaswa kukuamini. Wangeona siku ya kwanza kabisa kwamba sista mpya amekuja na baba yake wa kuwasha mashine.

Uliposema "Nitaiangalia," sikukusikia vizuri. Nilisikia mtoto wa kidato cha pili. Mganga yule, ambaye hajakuona hata siku moja, alikusikia vizuri kuliko mimi. Alikujibu, "Ahsante, sista."

Basi nimeamua. Nikaenda chumbani kutoa vitu vyangu kwenye begi.

Begi halipo.

Nikamwita mama yako koridoni, kwa sauti ya chini ili usisikie. Nikamuuliza begi langu liko wapi. Akasema, "Begi nimempa Tausi, lake zipu imekufa. Shati lako liko kabatini tangu juzi. Spana na plagi nimemwachia humo humo, ataenda nazo."

"Tangu juzi?"

"Baba Tausi, wewe ukikata tiketi unaiweka kwenye mfuko wa shati, na shati nafua mimi."

"Na Tausi anajua?"

Alicheka tu, kile kicheko nilichokuwa nakisikia tangu alasiri, nikaelewa mlikuwa mnachekea nini. Nikamuuliza, kama unajua, kwa nini hukuniambia kitu. Akasema ulimwambia, "Mwache, mama. Ataamua mwenyewe."

Nimerudi barazani na bado natabasamu peke yangu, jirani aliyepita na baiskeli amenisalimia mara mbili. Zamani nilikuwa nakuondoa wewe pembeni. Safari hii wewe ndiye uliyeniachia mimi nafasi nifanye jambo langu sawasawa. Ahsante, mwanangu.

Mama yako tayari ana mpango wa kile kiti. Kitakaliwa na dumu la asali, zawadi ya mganga na wenzako, lenye kitambaa chekundu. Kondakta akiuliza abiria yuko wapi, mwonyeshe tiketi yangu, nimeikunja ndani ya barua hii. Chini ya kiti nitakuwekea dumu jingine, jipya, halijawahi kutiwa kitu. Hilo ni la petroli. Usiyachanganye. Katika ukoo wetu nimeshafanya hivyo mimi kwa niaba ya wote.

Kesho nitafika stendi kama baba yeyote, nitapakia mizigo, nitashuka. Ndahani amesema atakuja kukutoza hongo kabla hujapita. Mwambie baba ameshalipa zote mbili.

Kule ukikwama, nipigie. Nitakuuliza wewe unaona tatizo ni nini, halafu nitanyamaza nikusikilize, hata kama kunyamaza huko kutaniua. Na siku itakapowaka, piga pia, lakini usiniambie chochote. Isogeze simu karibu na mashine. Mimi nitakuwa hapa barazani na daftari, na kwa mlio wake nitajua ni nani aliyevuta kamba.

Muadhini anakohoa kwenye kipaza sauti. Naomba Mungu akufikishe salama na akuweke mikononi mwa watu wema.

Baba yako, wa Chemchem